Kamshafti ya mbio kwenye hewa ya Ufipa: usilipe mara mbili

Barabara ya Ntendo–Muze inapouacha uwanda wa Ufipa, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Bonde la Rukwa. Juu kuna baridi na upepo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Chini kuna joto. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Dereva wa bodaboda anayepanda akitokea Muze, Mtowisa au Ilemba anaijua tofauti hiyo ya mita 1,000 kwa mkono wake wa kulia. Amevuta mafuta hadi mwisho, yuko gia ya pili, gunia la mchele liko nyuma, na bado injini inakata pumzi kabla kona haijaisha.

Ndiyo maana swali la kuongeza nguvu ya pikipiki haliishi vijiweni wala gerejini. Simu nazo zimeleta jibu moja linalovutia vijana: badilisha kamshafti. Video za mafundi wa Thailand na Indonesia, ambako kuchonga injini ndogo kwa ajili ya mashindano ni kazi yenye wataalamu wake, zinaonyesha pikipiki za ujazo mdogo zikikimbia kwa kasi ambayo kiwanda hakikuikusudia. Kijana wa Sumbawanga akitazama, anaona dawa ya mlima wake.

Msimamo wangu katika makala haya ni huu. Kamshafti ni kifaa kizuri, na kuielewa ni elimu inayomfaa kila mwenye pikipiki. Lakini kamshafti kali iliyochongwa kwa ajili ya kasi ya juu humnyima dereva wa Ufipa kile hasa anachokitafuta, yaani mvuto wa chini wakati wa kupanda na mzigo. Mwinuko wa Ufipa umeshamtoza sehemu ya nguvu hiyo. Akifunga kamshafti kali, analipa mara ya pili.

Nundu inayoamua injini ivute vipi

Ndani ya injini ya mipigo minne kuna vali ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na vali ya kutolea moshi. Kamshafti ni shafti yenye nundu. Inapozunguka, nundu husukuma rokaramu, rokaramu hukandamiza vali, vali hufunguka. Nundu ikipita, springi huirudisha vali mahali pake. Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye raundi 7,500 kwa dakika, kila vali inafunguka na kufunga zaidi ya mara 62 kwa sekunde moja. Umbo la ile nundu ndilo linaloamua vali ifunguke lini, inyanyuke kiasi gani na ifunge lini.

Pikipiki zinazotembea Rukwa zina mifumo miwili mikuu. Boxer na TVS, zilizotoka India, zina kamshafti juu kwenye silinda hedi, na inazungushwa na taimingi cheni. Nyingi za pikipiki za Kichina za ujazo wa 125 na 150 zinatumia injini iliyozaliwa kutokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo viwanda vingi vya China, vikiwemo Lifan na Zongshen, viliiga. Humo kamshafti imekaa chini karibu na kranki, inazungushwa na gia, na fimbo mbili za pushirodi ndizo zinazopeleka msukumo hadi juu kwenye rokaramu.

Honda haikuchagua mfumo huo wa chini kwa kukosa maarifa. Ilikwisha kutengeneza injini za kamshafti ya juu kwa miaka mingi. CG125 iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, hupita vumbini na matopeni, na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Hakuna taimingi cheni ya kulegea, na kamshafti iko chini, jirani na oili. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5, na injini nzima imepangwa ivute tangu raundi za chini. Kwa maneno mengine, wahandisi walishamfikiria mtu kama dereva wa Muze kabla hajazaliwa.

Kuna jambo moja kuhusu injini ya CG ambalo kila anayetaka kuichonga anapaswa kulijua. Kamshafti yake ina nundu moja tu inayohudumia vali zote mbili. Ukiichonga nundu hiyo ili vali ya kuingiza ikae wazi muda mrefu, vali ya moshi nayo inakaa wazi muda mrefu vilevile, na kipindi ambacho zote mbili ziko wazi pamoja kinapanuka kwa lazima. Kwenye kamshafti yenye nundu mbili, mchongaji anaweza kuitendea kila vali peke yake. Kwenye CG hana nafasi hiyo.

Namba za kusoma kabla ya kutoa hela

Kamshafti ya maana huja na karatasi ya vipimo. Namba ya kwanza ni mnyanyuo, yaani vali inasukumwa milimita ngapi kutoka kwenye kiti chake. Ya pili ni muda wa kukaa wazi, unaopimwa kwa nyuzi za mzunguko wa kranki. Ya tatu ni muda ambao vali zote mbili ziko wazi pamoja, mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Vali ya kuingiza ikifunguka nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na ikafunga nyuzi 40 baada ya pistoni kupita chini kabisa, muda wake wa kukaa wazi ni 10 + 180 + 40, yaani nyuzi 230. Kamshafti kali inaweza kufungua nyuzi 25 kabla na kufunga nyuzi 65 baada. Hapo unapata nyuzi 270.

Hapa wauzaji wengi huwachanganya wateja. Wapo wanaohesabu nyuzi tangu vali inapoanza kutikisika, na wapo wanaoanza kuhesabu ikishanyanyuka milimita 1. Kamshafti ileile inaweza kutoa namba mbili zinazotofautiana kwa makumi ya nyuzi. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: nyuzi hizi zimepimwa vali ikiwa imenyanyuka kiasi gani? Asiyeweza kujibu hajui anachokiuza.

Kwa pikipiki ya barabarani, mimi natazama zaidi namba ya nne, ambayo wengi huiruka: vali ya kuingiza inafunga lini. Pistoni ikianza kupanda huku vali hiyo ingali wazi, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia husukumwa irudi ilikotoka. Kwenye raundi za juu hasara hiyo haionekani, kwa sababu hewa inaingia kwa kasi kubwa na msukumo wake unaendelea kujaza silinda hata pistoni ikianza kurudi. Hiyo ndiyo siri ya kamshafti za mbio. Kwenye raundi 3,000 hewa haina kasi hiyo. Inarudi nyuma kupitia kabureta, na injini inaanza kugandamiza silinda isiyojaa.

Mwinuko umeshachukua chake

Watu wa Ufipa waliujua uzito wa hewa zamani, kabla ya injini kufika. Wafua chuma wa Kifipa walijenga malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyofikia kimo cha mita 3 hivi, yenye matundu kuzunguka kitako. Ilungu halikuhitaji mtu wa kuvukuta. Joto lilipopanda juu, hewa mpya ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, na mawe ya chuma yakayeyushwa kwa pumzi hiyo. Ni baadaye tu, katika tanuru dogo la kintengwe, ndipo mivukuto ilipotumika kusafisha chuma. Injini ya pikipiki nayo haina wa kuivukutia. Inavuta hewa iliyopo, na nguvu yake haiwezi kuzidi hewa iliyoingia.

Hewa ya Sumbawanga ni pungufu. Kanieneo yake ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, na uzito wa hewa katika kila lita umepungua kwa karibu asilimia 16. Injini ileile iliyovuta vizuri Dar es Salaam inavuta hewa hiyo pungufu hapa, na nguvu inashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Sasa tuiweke kamshafti kwenye hesabu hii. Chukua injini ya vipimo vya CG yenye kompresheni ya 9 kwa 1. Vali ya kuingiza ikifunga nyuzi 40 baada ya pistoni kupita chini kabisa, pistoni bado ina karibu asilimia 91 ya mwendo wake wa kugandamiza, na kompresheni inayofanya kazi kwenye raundi za chini ni karibu 8.3. Ikifunga nyuzi 65 baada, mwendo uliobaki ni kama asilimia 76, na kompresheni hiyo inashuka hadi karibu 7.1. Ukizidisha kwa kanieneo ya Sumbawanga, unakuta jambo linalofaa kumfikirisha kila fundi wa uwandani. Injini yenye kamshafti ya kiwanda hapa Sumbawanga inagandamiza kwa shinikizo linalokaribiana na la injini ya kamshafti kali iliyoko pwani. Ulegevu wa raundi za chini ambao kijana wa Dar es Salaam anaununua ili apate kasi ya juu, sisi tumepewa na mlima bila kuuomba. Ukiifunga kamshafti hiyo kali Sumbawanga, shinikizo linashuka tena kwa karibu moja ya tano.

Matokeo yake dereva anayaona siku ya kwanza. Asubuhi ya Juni yenye baridi pikipiki inagoma kuwaka kwa kiki. Ikiwaka, haitulii. Kwenye mlima inadai ishushwe gia mapema, na ikishushwa inadai raundi nyingi zaidi. Mafuta yanakwenda kasi, kwa sababu katika kile kipindi ambacho vali zote mbili ziko wazi, sehemu ya petroli mbichi hutoka na moshi. Uwandani, kuelekea Laela kwenye lami ya Tunduma, pikipiki hiyohiyo ikiwa haina mzigo itafunguka na kukimbia kweli. Lakini kazi inayolipa haiko huko peke yake. Iko pia Muze, Kirando na Kasanga, ambako barabara zinatumbukia bondeni na ziwani na kurudi juu zikiwa na samaki, mpunga na watu.

Basi achague ipi?

Boxer BM 150, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 144.8, inatoa mvuto wake mkubwa kabisa karibu na raundi 5,000 na nguvu yake ya juu karibu na 7,500. Hiyo ndiyo tabia ya injini ya kazi. Anayetaka kuiongezea uhai bila kuiharibia tabia hiyo achague kamshafti inayoongeza mnyanyuo kuliko inayoongeza muda. Vali ikinyanyuka nusu milimita hadi milimita 1 zaidi, njia ya hewa inapanuka, lakini saa ya kufunga inabaki karibu na ileile ya kiwandani. Muda wa kukaa wazi ukiongezwa, usizidi nyuzi 10 juu ya ule wa kiwanda, na kipindi cha vali mbili kuwa wazi pamoja kibaki kifupi.

Njia nyingine ni kuiwahisha kamshafti kwa nyuzi 2 hadi 4, ili vali ya kuingiza ifunge mapema na mvuto wa chini uongezeke. Kwenye injini ya taimingi cheni hili halifanywi kwa kurusha jino moja. Gia ya kamshafti yenye meno 32, kwa mfano, ukiirusha jino moja unakuwa umesogeza nyuzi 22.5 za kranki, kiasi cha kuharibu kila kitu na pengine kugonganisha vali na pistoni. Matundu ya boliti za gia hupanuliwa kidogo kwa ustadi, kisha hupimwa kwa bamba la nyuzi lililofungwa kwenye kranki.

Mwenye kuongeza muda kidogo anaweza pia kupandisha kompresheni kidogo ili afidie hewa pungufu. Sumbawanga injini itaishukuru hatua hiyo. Lakini akumbuke anakokwenda. Akishuka Bonde la Rukwa, kanieneo inapanda kwa zaidi ya asilimia 10 na joto linaongezeka. Injini iliyobanwa kwa ajili ya Sumbawanga inaweza kuanza kugonga ikiwa na mzigo huko chini, na kugonga huko hutoboa pistoni. Anayeishi kwa kupanda na kushuka ukingo huu achague vipimo vya katikati, vinavyostahimili hali zote mbili.

Kamshafti ya nyuzi nyingi ina mtu wake. Ni yule mwenye pikipiki ya pili ya starehe au mashindano, asiyebeba abiria, aliyebadilisha pia kabureta, ekzosi, springi na kompresheni. Vitu hivyo huenda pamoja. Kamshafti hiyo ikifungwa peke yake kwenye pikipiki ya kazi, injini inapoteza mvuto wa chini na haipati kasi ya juu iliyoahidiwa.

Kwanza rudisha nguvu iliyopotea

Mazungumzo ya gerejini mara nyingi huanza hivi.

"Shikamoo fundi. Hii Sanlg haipandi kabisa. Nataka uniwekee kamshafti ya mbio."

"Marahaba kijana wangu. Tapeti uliset lini?"

Kijana hana jibu, na hapo fundi mwenye busara anaweka pembeni habari ya kamshafti. Anaacha injini ipoe, anafungua kifuniko cha silinda hedi. Rokaramu mbili zinaonekana zikiwa zimepakwa oili nyeusi. Anazungusha kranki taratibu hadi alama ya sumaku ikae sawa na pistoni iwe juu kabisa vali zote zikiwa zimefunga. Kisha anachukua filageji, kile kijibamba chembamba cha chuma. Kwa CG125 nafasi inayotakiwa kati ya skrubu ya tapeti na mguu wa vali ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Kijibamba kinatakiwa kipite kikikwaruza kidogo. Kikicheza kwa uhuru, nafasi imezidi: vali inachelewa kufunguka, inawahi kufunga, na hainyanyuki kimo chake chote. Kikigoma kabisa, vali haifungi sawasawa, kompresheni inavuja na vali inaungua. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na hurudisha nguvu ambayo mtu alikuwa tayari kuinunua kwa kamshafti mpya.

Baada ya tapeti linakuja chujio la hewa. Kiangazi cha Ufipa kina vumbi jekundu na upepo, na chujio lililoziba huinyima injini hewa ambayo tayari ni haba. Halafu kabureta. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga, jeti iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani inaufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi kupita kiasi kwa karibu asilimia 8 au 9. Dalili yake ni plagi yenye masizi meusi na moshi mzito wakati wa kuvuta. Jeti kuu ya saizi moja ndogo hutibu. Anayeshinda bondeni asiipunguze sana, maana chini hewa ni nzito, na mchanganyiko wenye petroli kidogo huchemsha injini.

Mwisho ni sproketi, na hapa ndipo penye faida ya wazi kuliko zote kwa mpanda milima. Sproketi ya nyuma ya meno 42 ikibadilishwa kuwa ya meno 45, mvuto kwenye gurudumu unaongezeka kwa karibu asilimia 7 katika kila gia. Hiyo ni karibu nusu ya kile mwinuko ulichochukua. Gharama yake ni sproketi na pengine cheni ndefu kidogo, na gharama nyingine ni kupungua kwa kasi kwa asilimia hiyohiyo kwenye raundi zilezile. Dereva wa Ntendo–Muze hatailalamikia biashara hiyo.

Ukishaamua, nunua na ufunge kwa akili

Pima kamshafti ya zamani kabla ya kuagiza mpya. Kwa venia kalipa, pima kimo cha nundu kutoka kileleni hadi upande wa pili, kisha pima kipenyo cha sehemu ya duara isiyo na nundu. Tofauti yake ndiyo mnyanyuo wa nundu. Ilinganishe na kamshafti mpya ya aina ileile dukani. Nundu zilizolika kileleni, zenye vidonda au mistari inayoshika ukucha, zimeshapunguza mnyanyuo wa vali bila wewe kujua. Wengi walioamini wanahitaji kamshafti ya mbio walihitaji kamshafti mpya ya kiwanda pamoja na rokaramu zake.

Usikubali nundu ichomelewe kwa kulehemu kisha isagwe kwa jiwe la mkono. Uso wa nundu hupewa ugumu maalumu kiwandani, na moto wa kulehemu unauharibu. Nundu iliyosagwa kwa kukadiria hainyanyui vali kwa utaratibu, inairusha. Vali inayorushwa kwenye raundi za juu huachana na rokaramu, hurudi kwa kishindo, na siku moja hukutana na pistoni.

Spea nyingi za Rukwa zinapitia Mbeya, Tunduma au Kariakoo, na zile za mbio huagizwa mbali zaidi. Safari ya kurudisha kitu kisichofaa ni ndefu. Kwa hiyo peleka namba kamili ya modeli ya injini, hesabu meno ya gia, pima urefu wa shafti na kipenyo cha sehemu zinazokaa kwenye beringi. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, kwa sababu injini zinazofanana kwa macho hutofautiana ndani.

Siku ya kufunga, mnyanyuo mkubwa unahitaji kuhakikiwa. Springi isibanwe hadi mizunguko yake igusane. Kati ya vali na pistoni ibaki nafasi ya angalau milimita 1 upande wa kuingiza na milimita 1.5 upande wa moshi. Fundi anaweza kubandika plastisini juu ya pistoni, akafunga hedi, akazungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, akafungua na kupima unene uliobaki pale vali ilipopita. Nafasi huwa ndogo zaidi pistoni ikikaribia juu, vali zikiwa zinapishana, wala si pale vali inapokuwa imenyanyuka kabisa. Anayewasha injini bila kipimo hiki anacheza kamari na mali ya mteja.

Nundu na rokaramu mpya zipakwe grisi ya kufungia injini, oili iwe mpya, na kwa dakika 15 hadi 20 za mwanzo injini isiachwe ingurume polepole bila mwendo. Iendeshwe kwa utulivu, raundi zikipanda na kushuka, ili oili irushwe vya kutosha wakati nyuso mbili mpya zinazoeana. Kisha oili ile imwagwe, iwekwe nyingine. Kwenye injini ya kamshafti ya juu, oili ikipungua au ikizeeka, nundu huumia mapema kuliko karibu sehemu nyingine zote, na hakuna kamshafti ya bei yoyote inayovumilia hilo.

Pikipiki ni ya nani?

Madereva wengi wako kwenye mkataba: wanapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku au kila wiki hadi siku watakapokabidhiwa kadi. Anayechonga injini ambayo bado si yake anahatarisha mkataba huo, na ikipasuka, deni linabaki pale pale. Azungumze na bosi wake kwanza. Mwenye pikipiki mpya ajue pia kwamba kubadilisha sehemu ya ndani ya injini huweza kumwondolea waranti, na aulize kampuni yake ya bima kabla, si baada ya ajali.

Kuna pia uhai wa watu. Nyingi ya pikipiki hizi zina breki za dramu, matairi membamba, na fremu iliyopimwa kwa kasi ya kiwanda. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda imekuwa gari la wagonjwa, la wanafunzi na la mama mjamzito wa kijiji kisichofikiwa na basi. Kasi inayoongezwa kwenye injini bila kuongezwa kwenye breki, abiria ndiye anayeilipia.

Ushauri wangu kwa dereva wa Ufipa ni wa mpangilio. Set tapeti, safisha chujio, rekebisha jeti, badilisha oili kwa wakati. Mlima ukizidi kukusumbua, ongeza meno ya sproketi ya nyuma. Kamshafti ikiwa imelika, nunua mpya ya kiwanda. Ukiyamaliza hayo yote na bado unataka zaidi, na pikipiki ni yako, chukua kamshafti ya mnyanyuo zaidi yenye muda usiozidi nyuzi 10 juu ya wa kiwanda, ifungwe na fundi mwenye bamba la nyuzi na filageji mkononi. Ukifuata mpangilio huo, hela yako inakwenda kwenye mvuto unaoutumia kila siku ukipanda kutoka Muze.